Federalisti ni mtu wa kukata nchi?

Swali: Mwalimu, niko mwaka wa kwanza wa sheria hapa Lubumbashi. Profesa anatufundisha tofauti ya federalisti, mtu wa kuyapa majimbo mamlaka yao, na unitaristi, mtu wa serikali kuu moja. Nikirudi nyumbani Katuba, nkambo wangu anasema: «Bafederalisti njo bale balikata inchi.» Nani ana haki? Na federalisti ni mtu wa kushoto ao wa kulia?

Jibu: Mzizi wa neno unampinga nkambo. Federali linatoka katika Kilatini, foedus, yaani mapatano, agano. Ni neno la kufunga, si la kukata. Kiswahili kimefika palepale kwa njia yake: shirikisho, kutoka shiriki, neno tulilolipata kwa Waarabu, la watu wenye fungu katika kitu kimoja.

Ila nkambo hasomi kamusi, anakumbuka. Na neno hili limebadilika kila lilipokwenda. Marekani, mwaka 1787 na 1788, waliojiita federalisti, akina Hamilton na Madison, walitaka serikali kuu iongezewe nguvu. Wapinzani wao ndio walioogopa majimbo yasimezwe. Geuza hiyo upate Lubumbashi: huku federalisti ni yule anayetaka Kinshasa ipunguziwe. Paris, katika Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793, lilikuwa shutuma kabisa. Wajakobini (jina lao ni la nyumba ya watawa walimokutania, jambo linalonichekesha kila mara) waliwashitaki wapinzani wao bungeni, Wajironde, kwamba ni federalisti, maana yake wanaipasua Jamhuri iliyo moja, isiyogawanyika. Wengine walikatwa vichwa. Sasa fungua kifungu cha 1 cha Katiba yetu ya 2006: «uni et indivisible». Unasikia mwangwi?

Kwetu, mwaka 1960, CONAKAT, chama cha Tshombe, ilidai federali. MNC, chama cha Lumumba, ilitaka nchi yenye serikali kuu moja. Tarehe 11 Julai, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Tshombe akatangaza kwamba Katanga, jimbo letu hili, imejitenga, na mambo hayo yakaenda hadi Januari 1963. Aliyeyaishi hawezi kutenga neno na tukio. Lakini muulize nkambo kuhusu Kasavubu. Chama chake, ABAKO, nacho kilidai federali, na yeye ndiye aliyekuwa rais wa Kongo nzima wakati Katanga inajitenga. Federalisti alikuwa, nchi hakuikata.

Mimi ni mtafsiri, na somo hili nililipata hadharani. Katika semina moja hapa mjini nilisema «federalisti» kwenye maikrofoni, na mzee mmoja wa mstari wa pili akachukua kofia yake magotini, akasimama: «Munarudilia tena mambo ya Tshombe?» Msemaji alikuwa anazungumzia ushuru! Tangu siku hiyo, mbele ya wazee, naanza na «mapatano» kabla ya kutaja jina.

Kulitafsiri neno hilo «serikali ya majimbo» pia hakutakusaidia. Kenya, miaka ya 1960, chama cha KADU kilipodai majimbo, kila mtu alielewa kwamba ni shirikisho. Kwetu jimbo ni provensi tu, na Mobutu mwenyewe, aliyeshika kila kitu mkononi, alikuwa na majimbo. Andika «mfumo wa shirikisho» na, upande wa pili, «mfumo wa serikali kuu moja».

Kushoto na kulia ni swali lingine. Lilianza kwa viti: Versailles, mwaka 1789, wabunge waliotaka mfalme awe na haki ya kuzuia sheria walikaa kuume kwa mwenyekiti, waliokataa wakakaa kushoto. Baadaye maneno hayo yakabeba mambo ya mali, wafanyakazi, dini. Federali inauliza nani aamue, Kinshasa ao Lubumbashi. Wa kushoto anaweza kujibu hivi ao vile, wa kulia vilevile.

Kwenye mtihani, usisahau kifungu cha 175 cha Katiba hiyohiyo: asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na yakatwe palepale yanapokusanywa. Ukimsomea nkambo kifungu hicho bila kutaja jina la mfumo wowote, nadhani atakuuliza pesa hizo ziko wapi.