Kabla hujanunua darubini, lijue anga la kwenu

Kijana mmoja wa Pangani ameniandikia wiki iliyopita. Anatembeza wageni, amejiwekea akiba yake kidogo kidogo, sasa anauliza: "Kaka, ninunue darubini gani nianze safari za kuwaonesha wageni nyota?" Nilimjibu kwa ufupi kwamba asinunue chochote kwanza. Nadhani aliona namzibia riziki, maana hakurudisha neno. Basi namjibu hapa kwa urefu, kwa kuwa najua wenye nia kama yake ni wengi, na wewe unayesoma huenda ni mmoja wao. Unataka kazi yenye jina lako mwenyewe. Hutaki kufikia uzeeni ukiwa bado unabeba mabegi ya watu.

Mimi kazi yangu iko Makunduchi, kusini mashariki ya Unguja. Wageni wananifuata kutoka Jambiani na Paje, na wapo wanaokodi gari kutoka Mjini kwa ajili ya usiku mmoja tu wa kukaa na mimi mchangani. Nalisema hili kwa fahari kwa sababu hakuna aliyenipa.

Nilianzia nyuma ya kaunta ya baa, kwenye hoteli moja ya pwani hii. Wageni wakishamaliza kula walikuwa wanatoka na glasi zao, wanainua vichwa, kisha wanarudi kuniuliza: ile inayong'aa pale ni nini? Nikawa naona haya kusema sijui. Karibu na kwetu kulikuwa na mzee aliyekuwa baharia wa majahazi, wa wale wa mwisho waliokwenda Arabuni kwa upepo wa kusi na kurudi kwa ule wa kaskazi. Nikawa namfuata barazani baada ya sala ya isha. Yeye ndiye aliyenionesha nyota ya Suheli kwa kidole chake, akaniambia baharia asiyeijua Suheli hana kusini. Alinionesha Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, akanifundisha kukitumia na ile methali tunayoisema wengi bila kuangalia juu: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kinazama magharibi jioni za mwezi wa tano, kinapotea, halafu mwezi wa sita kinachomoza mashariki kabla ya alfajiri. Mzee alikuwa anakisubiri kama mtu anayesubiri mwanawe arudi safari.

Nikanunua daftari la shule. Kila usiku nikitoka kazini naandika: nyota gani imechomoza wapi, juu ya mnazi upi, saa ngapi. Nikachora. Siku za mawingu naandika mawingu. Mwaka ulipozunguka na nyota zile zile zikarudi juu ya minazi ile ile, nikajua nimeshika kitu.

Nikampelekea meneja. Nikamwambia, tuwape wageni usiku wa nyota, mimi nitawaongoza, hamtalipa ziada. Akalipekua daftari, akasema niliache alisome. Kisha akaniambia wageni wa hoteli ile wanataka mtaalamu, mimi nirudi kwenye vinywaji. Haikupita hata misimu miwili, akaletwa mtu kutoka nje na darubini yake, na vyumbani ikawekwa karatasi ya kuwatangazia wageni. Kwenye karatasi ile ulikuwepo mchoro wangu wa Nge, kundi la nyota lenye umbo la nge, amelala juu ya minazi mitatu, mmoja umeinama. Ule mnazi ulioinama ni wa nyuma ya jiko. Daftari langu sikurudishiwa mpaka leo.

Naandika haya na bado yananiuma. Lakini niliondoka nikiwa na kitu ambacho hakikuwa ndani ya daftari tena, kilikuwa kichwani. Huo ndio msingi wa yote ninayotaka kukwambia: darubini inaweza kununuliwa na mtu yeyote mwenye fedha kesho asubuhi. Kulijua anga la kwenu msimu kwa msimu hakununuliki.

Tuseme umekuja kwangu mwezi wa kwanza, upepo wa kaskazi. Saa 2 usiku Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion, yuko mashariki, anapanda kutoka baharini na mkanda wake wa nyota tatu. Mkanda ule uko karibu kabisa na ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, kwa hiyo unachomoza mashariki halisi na kuzama magharibi halisi. Mgeni akishaelewa hilo hapotei tena ufukweni. Fuata mstari wa mkanda utaikuta Shira, nyota angavu kuliko zote za usiku. Geukia kusini utaiona Suheli, ya pili kwa mwangaza. Nimewahi kuwa na familia kutoka Muscat, baba akaikazia macho akasema kwao watu huisubiri Suheli mwishoni mwa mwezi wa nane, ikichomoza alfajiri wanajua joto linaanza kupungua. Sikuongeza neno. Alizungumza yeye usiku mzima, na watoto wake wakamsikiliza kwa mara ya kwanza bila simu mkononi. Chini ya Suheli, giza likiwa zuri, kuna doa jeupe lililofifia. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi nyingine kabisa, yaani kundi kubwa la nyota lililo nje ya letu, na unaiona kwa macho yako matupu.

Mwezi wa nne na wa tano ni masika, hoteli nyingi zinafunga, na waongozaji wengi wanakwenda kulala. Mimi napenda masika kuliko misimu yote. Mvua ikishapiga, hewa inakuwa imeoshwa, na mawingu yakifunguka unapata saa moja ya anga ambayo hutaipata tena mwaka mzima. Mwanzoni mwa mwezi wa tano, kati ya saa 3 na saa 4 usiku, simama uelekee kusini: Salibu, zile nyota nne zenye umbo la msalaba, imesimama wima, na kushoto kwake nyota ya Rijili Kantori, jirani yetu ambaye mwanga wake hutufikia kwa miaka 4 na kitu. Sasa geuka nyuma, uelekee kaskazini. Dubu Mkubwa, kundi la nyota la kaskazini, yuko pale, amepinduka miguu juu. Mgeni wa Ulaya ambaye amemjua Dubu tangu utotoni hupiga kelele akimwona hivyo. Nyota ya Kaskazini anaitafuta haioni, maana sisi tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta na kwetu haichomozi kamwe. Salibu na Dubu kwa usiku mmoja! Huko Ulaya hawaioni Salibu, na walioko kusini kabisa ya dunia hawamwoni Dubu mzima. Sisi tumepewa vyote viwili, halafu tunalala.

Mwezi wa saba na wa nane, kusi linavuma, ni msimu wa wageni. Katikati ya mwezi wa saba, saa 3 usiku, moyo mwekundu wa Nge uko juu sana, karibu na utosi, na mkia wake umejikunja kuelekea kusini. Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota, inapita pale pale kwenye mwiba, na sehemu ile iliyonenepa ndiyo upande wa kitovu cha galaksi yetu. Hapo usiseme mengi. Walaze chali.

Mwezi wa tisa nawageuza kaskazini niwaambie habari moja wasiyoitarajia. Kule, katika kundi la nyota la Dajaja, kuna shimo jeusi, kitu kizito kinachonasa hata mwanga, ambalo macho hayalioni. Miongoni mwa vyombo vilivyotusaidia kulitambua kilikuwemo chombo kiitwacho Uhuru, kilichorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Kilikuwa chombo cha kwanza kuzungushwa angani kwa ajili ya kupima anga kwa eksirei tu, na kiliruka kutoka pwani yetu hii hii ya Waswahili. Mgeni anakuja akidhani sisi ni watu wa kuoneshwa nyota. Anaondoka akijua vingine.

Baada ya hapo inakuja vuli, Jabari anaanza kurudi usiku wa manane, na mduara unaanza tena.

Jambo la mwezi sasa. Usimuuzie mgeni usiku wa mbalamwezi ukauita usiku wa nyota. Ni wizi. Mwezi ukiwa mpevu, nyota nyingi zinafunikwa na hata Njia ya Maziwa inapotea. Mimi nafanya kazi usiku wa giza, zile siku za kuandama mwezi na kandokando yake, zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wanazitafuta wakiwa na taa zao. Nakwambia na siri ya pwani hii: siku za giza ni siku za bamvua, yaani maji kujaa na kutoka sana, na huku kwetu bamvua maji hujaa alasiri kwenye saa 10 na kutoka kabisa kwenye saa 4 usiku. Kwa hiyo saa ile unayoihitaji, ufukwe umekuwa mpana, unaweza kuwasogeza watu mbali na taa za hoteli bila kwenda popote. Waweke kwenye mchanga mkavu tu, huko mbele kuna urchini wa baharini, wale wanyama wa miiba, na usiku hawaonekani.

Na taa. Macho ya mtu yanataka dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mtu mmoja akiwasha simu kutafuta kandambili zake, mnaanza upya wote. Mimi napokea simu zote mwanzoni, naziweka kwenye kikapu. Wapo walionuna. Tochi yangu nimeifunika nailoni nyekundu kwa mpira wa mkononi, mwanga mwekundu hauwaharibii macho. Ukiwa na leza ya kijani usiielekeze kamwe kwenye ndege, marubani hupofuka kwa muda.

Usiku ninaoukumbuka kuliko yote ni wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa wote. Hii ndiyo mbalamwezi pekee ninayomwitia mgeni. Kivuli cha Dunia kilianza kuula saa 1:27 usiku, na kuanzia saa 2:30 mpaka saa 3:52 mwezi ulikuwa mwekundu mzima. Nilikuwa nimewaambia watu saa hizo tangu mchana, dakika kwa dakika, nikaziandika kwenye ubao. Giza lilipoingia, nyota zilizokuwa zimefichwa na mbalamwezi zikatoka zote kwa pamoja, Njia ya Maziwa ikajichora magharibi, sayari ya Zohali ikaonekana si mbali na mwezi. Kutoka msikitini tulisikia watu wanasali sala ya kupatwa. Nikawaomba wageni wanyamaze, wakanyamaza. Waliposali wakamaliza, wanakijiji wakashuka ufukweni, na kina mama na watoto, nikawasogezea darubini kabla ya wageni waliolipa. Hakuna mgeni aliyelalamika. Kati ya watu waliokuja kusimama kwenye mstari nilimwona mfanyakazi mwenzangu wa zamani wa ile hoteli. Akaniambia huko wako gizani na hakuna wa kuwaeleza chochote, mtaalamu alishaondoka tangu masika. Sikusema kitu. Nilimpa zamu yake aangalie.

Ndiyo, sasa nina darubini. Niliinunua mwisho, nilipojua ni ya kuangalia nini. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, vioo vinaota kuvu, kwa hiyo inalala ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukaushia vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Waliotangulia kununua nimewaona. Mwaka 2025 kulikuwa na mabango ya "njoo uone pete za Zohali", kumbe Machi mwaka huo Dunia ilipita usawa wa pete zenyewe, jambo linalotokea kila baada ya miaka 15 hivi, na mwaka mzima pete zikawa nyembamba kama mstari wa kalamu. Wageni wakadai wametapeliwa. Anayelijua anga angelijua hilo mapema, angewauzia ile miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii.

Vijana wenzangu, tuache kungoja mtu wa nje aje kutuambia kilicho juu ya paa zetu. Babu zetu walivuka bahari kwa nyota hizi. Wewe unazo bure kila usiku na unamwachia mtu aliyeshuka uwanja wa ndege azipange bei. Toka nje. Angalia. Andika. Daftari lako usimwachie mtu, na ukifikia kupatana na hoteli, patana kwa maandishi, yawekwe saini kabla hujawaonesha hata mchoro mmoja.

Na wewe wa Pangani: akiba yako iweke. Nunua binokula, darubini ndogo ya macho mawili, ya 7x50 au 10x50 (inakuza mara 7 au 10, kioo cha mbele milimita 50), iliyotumika inatosha, na hiyo peke yake itakuonesha miezi minne ya Mshtarii ukiiegemeza vizuri ukutani. Programu ya Stellarium, inayoonesha ramani ya anga, unaipata kwenye simu, itumie mchana kujiandaa, si usiku mbele ya wageni. Mtafute mzee wa majahazi hapo kwenu kabla hajaondoka, Pangani hawakosekani. Anza na kiza cha mwezi huu, uandike mpaka Kilimia kipotee na kirudi. Ukimaliza mzunguko huo nitumie picha za daftari, ukurasa wa kwanza na wa mwisho, nami nitakaa na wewe tuchague darubini.