Kivinjari cha kazi, kwa wewe unayeanza kufanyia kazi nyumbani

Wageni wa kazi za mtandaoni huniuliza kivinjari kipi kina kasi. Mimi huwajibu kwamba swali hilo liwe la mwisho. Chrome, Edge, Opera na Brave vyote vimejengwa juu ya msingi mmoja, Chromium. Opera ilihamia huko mwaka 2013, Edge mwaka 2020. Kwenye laptopu moja na bando lilelile, ukiwa unageuza sauti kuwa maandishi au unajibu barua pepe za mteja, tofauti yake ni ndogo mno. Firefox ndiyo imebaki na injini yake yenyewe, yaani sehemu inayochora kurasa, iitwayo Gecko.

Anza na jukwaa linalokulipa. Soma ukurasa wao wa msaada uone wanataka kivinjari gani, maana mengi hupimwa kwanza kwenye Chrome, na kuna mengine ambayo kichezesha sauti chake kinasumbua kwingineko. Kitufe cha kuwasilisha kazi kikigoma saa ya mwisho, mteja hana muda wa kusikiliza habari za injini. Mimi ni mtu wa Firefox, lakini Chrome ipo kwenye mashine yangu na itaendelea kuwepo.

Halafu itazame mashine yenyewe. Wengi tunaanza na laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, na muuzaji anaapa kwamba inafungua kila kitu. Mwulize ina Windows gani. Ikiwa ni Windows 7, toleo la mwisho la Chrome linalokubali kuingia humo ni la 109, la Januari 2023. Baada ya hapo hupati sasisho la usalama, na baadhi ya tovuti zitaanza kukukataa. Kwenye RAM ndogo, Edge na Chrome zote zina uwezo wa kulaza vichupo (tab) usivyovigusa, nao husaidia kweli. Ila ingiza tovuti ya kazi kwenye orodha ya zisizolazwa, la sivyo utarudi na kukuta ukurasa unapakiwa upya, bando linaliwa. Ndani ya Chrome, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja uone ni kichupo gani kinachomaliza kumbukumbu. Mara nyingi ni kile cha video ulichokisahau.

Sasa nije kwenye jambo linalowakosesha watu hela. Opera ina VPN ya bure ndani yake, yaani njia inayokufanya uonekane uko mahali pengine. Opera Mini nayo hupitisha kurasa kwenye seva zake ili izibane, na kwa kusoma habari kwa bando dogo sijaona mshindani wake. Kwa akaunti ya kazi, viache vyote viwili. Umejiandikisha kwamba uko Mbeya, leo jukwaa linakuona unaingia kutoka Ulaya, kesho kutoka Asia: mitambo yao inahisi akaunti imeuzwa au imeibwa, malipo yanasimamishwa, na wewe unaanza kutuma picha za kitambulisho kwa mtu asiyekujibu kwa wiki nzima. Wapo wanaokufundisha kutumia VPN makusudi ili upate kazi za Marekani. Wasikilize kwa adabu, usiwafuate.

Tenganisha kazi na maisha yako. Chrome na Edge hukuruhusu kufungua wasifu (profile) wa pili, wenye alamisho, nywila na historia yake. Mteja anapokukabidhi barua pepe ya biashara yake, ifungue huko tu, na usiihifadhi nywila yake kwenye kompyuta ambayo wadogo zako wanachezea michezo jioni. Wasifu huo uwe na viendelezi, yaani programu ndogo unazoongeza kwenye kivinjari, vichache kabisa. Kiendelezi kinachoomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaweza kuziona barua za mteja kama unavyoziona wewe, hata kama kazi yake uliyoambiwa ni kubadilisha rangi ya ukurasa tu.

Ukiwa na usaili wa video, sasisha kivinjari usiku wa kuamkia siku hiyo, kizime na kukiwasha, kisha fungua chumba cha mkutano wa majaribio ukiwa peke yako. Kivinjari kitaomba ruhusa ya kamera na maikrofoni. Ikubali hapo hapo, na uhakikishe maikrofoni iliyochaguliwa ni ya spika za masikioni, si ya laptopu, hasa kama jirani anafuga kuku.