Kuzaa Mtoto ili Amtibu Ndugu Yake, Yafaa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Binti yetu ana miaka sita na ana sikoseli. Wodi ameizoea kuliko darasa. Daktari anasema uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa ndugu wa baba na mama mmoja unaweza kumponya, lakini wa kaka yake haulingani. Mume wangu anataka tuzae tena kwa ajili hiyo. Mama mkwe anasema tutakuwa tunazaa dawa, si mtoto. Dini inasemaje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Allah amponye mwanenu.

Kuzaa ukiwa na haja moyoni si haramu. Nabii Zakariya alimwomba Mola wake mrithi, na mke wa Imran alimwekea nadhiri mwanawe angali tumboni. Wala hawakulaumiwa.

Ila mama mkwe wako msimpuuze. Ikiwa nyote wawili mmebeba vinasaba vya sikoseli, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa na mgonjwa mwingine, na uloto kulingana nako ni robo tu. Basi jiulizeni mapema: akija asiyelingana, au naye akaja mgonjwa, atapokewa kwa adhana na akika kama wenziwe? Mkisita kujibu, msizae kwanza. Na kuitoa mimba kwa kuwa hailingani, hilo halina mlango.

Kutungisha mimba maabara kunafaa kwa mbegu ya mume na yai la mkewe, ndoa ikiwepo, asiingie mtu wa tatu. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikwisha kuliruhusu mwaka 1986. Kuchagua kiinitete (mimba changa iliyotungwa maabara) kinacholingana, wanazuoni wamehitilafiana. Mimi naona kwa maradhi mazito kama haya inajuzu.

Damu ya kitovu, ambayo nayo yaweza kutibu kama uloto, haina neno, kwani kwa kawaida hutupwa pamoja na kondo. Mwaka 2000 huko Marekani alizaliwa mvulana aliyechaguliwa hivyo, na damu ya kitovu chake akapewa dada yake mgonjwa. Uloto nao hurudi mwilini, lakini kuutoa kunataka sindano na nusukaputi, na mtoto hana ridhaa. Wapo wanaokataza, mimi naruhusu, madaktari waaminifu wakithibitisha kuwa hatadhurika. Figo, hapana. Mzazi hamiliki kiungo cha mwanawe.

Na akizaliwa, mpeni jina na mchinjieni siku ya saba, majibu ya vipimo yawe yametoka au hayajatoka.

Wallahu aalam.