Jibu: kwa nini anga la Mirihi "lilibadilishwa" rangi mwaka 1976

Mkuu, umeuliza kama picha za Mirihi hupakwa rangi, ukatoa mfano wa Viking 1, chombo cha NASA kilichotua Mirihi mwaka 1976: picha yake ya kwanza ya rangi ilikuwa na anga la bluu, baadaye ikatoka nyingine yenye anga la wekundu wa vumbi. Ni kweli ilitokea, ila hapakuwa na jambo la kuficha. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye maabara ya kusawazisha kamera za namna hii, kwa hiyo naomba nieleze.

Kamera yenyewe haijui rangi. Inahesabu mwanga uliopita kwenye kila filta (kichujio kinachopitisha rangi fulani tu), basi. Vihisi vya Viking vya bluu, kijani na nyekundu vilikuwa vinapokea pia infraredi, ambayo jicho halioni. Picha ile ilipigwa siku moja tu baada ya kutua, ikatolewa kabla ya kusahihishwa vizuri. Wanasayansi walipozipima namba kwa kutumia vibao vyenye rangi zinazojulikana vilivyofungwa kwenye chombo, bluu ikaondoka.

Kazi ngumu hufanyika kabla ya safari. Kamera tunaifungia kwenye tangi la ombwe (lililoondolewa hewa), tunaipoza hadi nyuzi 55 chini ya sifuri, tunaziba lenzi na kupiga picha za giza. Giza nalo lina namba zake, kwa sababu kihisi chenye joto huzalisha namba bila mwanga wowote. Usiku mmoja tuliona weupe hafifu kwenye kona ya chini kushoto, na haukupungua hata tulipozidi kupoza. Siku mbili nzima tulikilaumu kihisi. Kumbe ni kipima ombwe kilichokuwa ndani ya tangi! Kina waya unaowaka kama wa balbu, na mwanga wake ulikuwa unapenya pembeni mwa kizibo. Tulipokizima, weupe ukatoweka. Tusingeugundua, tungekuwa tunautoa kwenye kila picha kama kasoro ya kamera, na kona ile ingebaki na kivuli cha uongo maisha yote ya chombo.

Halafu kuna kibao cha rangi kinachosafiri na chombo. Spirit na Opportunity, magari ya roboti ya NASA yaliyotua Mirihi 2004, yalikuwa na saa ya jua yenye rangi nne pembeni. Watu walishangaa kuona pembe ya bluu imetoka ya waridi. Sababu ni kwamba mahali pa filta nyekundu ilitumika ya infraredi, na rangi ile ya bluu hurudisha infraredi nyingi mno.

Adui mkubwa huko ni vumbi, maana likikitanda kibao hupimi tena rangi yake. Ndiyo maana kwa Curiosity na Perseverance, magari yaliyofuata, sumaku za pete zilifichwa chini ya vibao: vumbi lenye chuma linavutwa kwenye pete, katikati panabaki pasafi zaidi. Picha ghafi za Perseverance ziko wazi kwenye tovuti ya NASA. Tafuta zinazoonyesha kibao hicho, utaziona pete za vumbi jekundu.