Bia Inauzwa Kila Jioni, Hisa Yake Je?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kahama aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nina hisa za TBL, nilinunua baada ya kukusoma wewe. Sasa ofisini wenzangu wote wana CRDB na kila siku wananicheka. Niuze nihamie benki?" TBL ni kampuni ya bia, na CRDB ndiyo benki anayoisema. Nilimjibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Najua wengi mnaosoma hapa mna swali hilohilo, tena wengine mmeanza kuninunia.

Nianze na nilivyoingia, maana bila hapo hamtanielewa.

Mwaka 2011 nilikuwa nauza dawa kwenye famasi moja Mwanza. Mkabala na sisi palikuwa na grosari ya mama mmoja, na mchana dawa zikidoda nilikuwa namwangalia anavyopokea kreti. Alikuwa na daftari la shule, lile la mistari, upande mmoja ameandika Safari, upande mwingine Balimi, zote bia za TBL. Gari likija anahesabu kreti tupu kwanza, anapiga tiki kwa kalamu, ndipo anapokea zilizojaa. Balimi alikuwa anamaliza kabla ya Jumamosi. Bajeti ikasomwa mwezi wa sita, ushuru wa bia ukapanda kama kawaida, bei ikapanda. Wateja walilalamika, wakaapa watahamia gongo. Haikupita wiki viti vimejaa vilevile, daftari linasoma vilevile. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna semina iliyowahi kunifundisha: kampuni inayoweza kupandisha bei na mteja akarudi, hiyo ni ya kuishikilia.

Mwaka huohuo hisa za TBL zikaja sokoni kwa wingi usio wa kawaida. Wengi hawajui kwa nini, ngoja niseme. EABL, kampuni ya bia ya Kenya, ilikuwa inamiliki asilimia 20 ya TBL, matunda ya mapatano ya mwaka 2002 yaliyomaliza vita ya bia. Wakenya walifunga kiwanda chao cha Kibo pale Moshi, Waafrika Kusini wa SABMiller, waliokuwa wameishika TBL, wakafunga cha kwao cha Thika, kila mmoja akachukua kipande cha biashara ya mwenzake. Kisha 2010 EABL wakanunua asilimia 51 ya kampuni ya bia ya Serengeti, mshindani mkubwa wa TBL. Kukaa pande zote mbili haikuwezekana, ikabidi hisa za TBL ziuzwe. Wakaziuza kwa shilingi 2,060 kila moja, na mtu wa kawaida kama mimi akaruhusiwa kujaza fomu.

Nilichukua mkopo SACCOS nikanunua hisa 500. Piga hesabu: shilingi 1,030,000. Kwa mshahara wa famasi ule, hiyo haikuwa pesa ya mchezo.

Nyumbani palichafuka. Mume wangu, mtu wa kanisa, aliuliza kama nimeona sawa kula pesa ya pombe. Shemeji yangu alilipeleka suala mpaka kwenye kikao cha ukoo. Tulikuwa tumekaa kupanga arusi ya mdogo wao, yeye akasimama akasema mbele ya wazee, "Huyu shemeji milioni anayo, ila kaipeleka kununua karatasi." Wakacheka. Hata baba mkwe alicheka. Nilichanga mchango wangu, nikanyamaza, nikaenda jikoni kusaidia kumenya ndizi. Miaka imepita na bado kicheko kile nakisikia, sitadanganya.

Kilichofuata mnakijua. Hisa ya TBL ilipanda mpaka ikapita 14,000. Gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa, likawa linaingia, mkopo wa SACCOS ukaisha, ada ya mtoto ikalipwa bila kukopa kwa jirani. Shemeji yuleyule alinipigia simu jioni moja, anaulizia akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa, inafunguliwaje. Nilimwelekeza vizuri kabisa, hatua kwa hatua, na nilifurahia kila dakika ya ile simu.

Baadaye bei ikashuka, ikafika 10,900 ikagoma. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, kwenye ubao wa bei wa soko la hisa ilikuwa 10,900 tu. Wakati huohuo CRDB, ambayo mwaka 2020 ilikuwa chini ya shilingi 200, ikaanza kukimbia, na 2024 ikavuka 600. Hapa ndipo vijana mlipoanza kunitumia emoji za kucheka.

Sasa sikilizeni. Swali la "mbona haipandi" halihusu bia hata kidogo. Grosari zinajaa, kreti zinatembea, viwanda vya Dar, Mwanza, Arusha na Mbeya vinafanya kazi. Tatizo ni nani anashika hisa. Zaidi ya nusu ya TBL iko mikononi mwa AB InBev, waliomnunua SABMiller mwaka 2016, na hao hawaji sokoni kuuza Jumanne asubuhi. Zinazobaki, sehemu kubwa wanazo mifuko ya uwekezaji na wazee walionunua tangu 1998 kwa shilingi 550, na mzee aliyenunua kwa 550 anakula gawio, hana habari na ubao. TCC ya sigara ndiyo usiseme: hisa zote ni milioni 100, na milioni 75 ni za Japan Tobacco. Nchi nzima inagombania milioni 25, na wenye nazo hawaziachii. Bei ya hisa kama hiyo hulala kwa sababu hakuna biashara inayofanyika. Ukiiona imesimama usiseme imara, na usiseme imekufa.

Lakini kuna upande wa pili wa hilo, na huu ndio watu hawapendi kuuandika. Bei ya ubaoni ni ya mara ya mwisho mtu kuuziana na mtu. Haimaanishi kuna mnunuzi amekaa na 10,900 yako mkononi. Mwaka baba alipohitaji kufanyiwa upasuaji niliweka oda ya kuuza hisa mia mbili. Siku ya kwanza kimya. Wiki kimya. Namuuliza dalali, ananiambia, "Mama, zimo kwenye foleni, wanunuzi hamna." Hospitali haijui foleni ya hisa. Mwishowe zilitoka chache chache, kwa bei ya chini ya ile ya ubaoni, na pengo lililobaki tulilifunika kwa kuuza ng'ombe. Ng'ombe aliuzwa siku moja tu, mnadani, asubuhi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana wa Kahama na wenzake ni huu. Hisa za kampuni ya bidhaa, iwe bia, iwe sigara, nunua kwa ajili ya gawio. Narudia, gawio. Tazama ripoti ya mwaka, tazama faida kwa kila hisa, tazama wamegawa kiasi gani kati ya hiyo faida, miaka mitano nyuma. Usiangalie ubao kila asubuhi utaumwa presha bure. Gawio la kampuni iliyo DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, linakatwa kodi ya asilimia 5 tu, hata kabla halijaingia kwenye akaunti yako, kwa hiyo kinachoingia ni chako. Na ujue tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Ukinunua baada ya hapo, gawio la mwaka huo analila aliyekuuzia. Nilishaandika hili na bado kila mwaka mnaniuliza.

La pili, pesa ya dharura usiiweke huku. Pesa ya kiwanja unachotaka kununua mwakani usiiweke huku. Weka UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ukihitaji unauza vipande na pesa inakuja bila kumtafuta mnunuzi. Ukitaka uhakika zaidi kuna hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Kuna wakati ile ya miaka 25 ilikuwa inalipa asilimia 15.95, mpaka 2022 walipoishusha ikawa 12.56, na bado kuna watu hawalali kwa furaha nayo. Tofauti ni kwamba hatifungani haina mama wa grosari. Riba yake ni ileile hata bei ya unga ikipanda mara mbili. Kampuni ya bia bei ya unga ikipanda nayo inapandisha, na gawio lina nafasi ya kufuata.

La tatu, gawio. Nimeshasema, nasema tena.

Na vijana, niwaambie ukweli hata kama mtaninunia. Mnachokitafuta kwa CRDB sasa hivi si uwekezaji, ni kutaka kuwemo kwenye stori za ofisini. Aliyeinunua 2009 kwa 150 akaishikilia miaka yote ile ikiwa imelala, huyo namvulia kofia. Wewe unayetaka kuinunua leo kwa sababu mwenzako ametamba kantini, kesho ikishuka utaandika kwamba soko la hisa ni wizi. Subira hamna. Mnataka kupanda leo, kuvuna Ijumaa. Sisi tulikula maharage ili mkopo wa SACCOS uishe.

Kuhusu pombe, maana najua swali linakuja: kama imani yako haikuruhusu, usinunue, na usisikilize mtu. Zipo za saruji, zipo za benki, zipo za Swissport pale uwanja wa ndege. Mume wangu mpaka leo hapokei hata senti ya gawio kwa ajili ya sadaka, na namheshimu kwa hilo. Ada ya watoto anaipokea.

Kwa hiyo kijana wangu, kama hisa zako hazina kazi ya haraka, kaa nazo. Kama unataka kuhama, usihame zote siku moja: weka oda ya nusu, kwa bei unayoikubali wewe, mapema kabla shida haijabisha hodi, kisha uwe tayari kungoja. Na kabla ya yote nenda kwa dalali wako uhakikishe jina lililo kwenye CDS linafanana herufi kwa herufi na lile la akaunti ya benki na la kitambulisho cha NIDA. Ukishamaliza hapo, mwambie mkeo au mama yako namba ya hiyo akaunti.