Kontena Lililorudi Tupu

Mwaka wa kwanza nilipoagiza mwenyewe vipuri vya bodaboda kutoka Guangzhou, China, kuja kwetu Uganda, mwanaboda mmoja alinirudishia mnyororo kabla ya wiki 2 kwisha. Aliuweka kaunta, akaninyamazia. Sampuli niliyotumiwa ilikuwa nzito mkononi. Huu ulipinda ubavuni kama mshipi. Nikafungua katoni zilizobaki. Zote vilevile, na muuzaji nilikuwa nimeshamlipa pesa yote.

Kwa hiyo nakueleza kama ninavyomweleza mpwa wangu: tanguliza asilimia 30. Hizo 70 zikae kwako mpaka mtu wako afungue katoni kulekule ghalani, kabla ya kupakia. Picha za WhatsApp hazitoshi. Afungue katoni za katikati, si za juu, na aweke mnyororo kwenye mizani. Kama huna mtu, changeni wenye maduka mlipe mkaguzi. Na hesabu yako isiishie Mombasa: kuna nauli hadi Malaba mpakani, kuna ushuru, na kila siku ya kusubiri ina gharama yake.

Ila kinachoniuma zaidi nilikiona siku ya kushusha mzigo. Dereva wa lori alifunga milango ya kontena, akageuza. Nikamwuliza anarudi na nini Mombasa. "Hakuna kitu, mzee."

Simu, pampu, vitambaa, vyote tunanunua China. Bwawa letu la umeme la Karuma, megawati 600, limejengwa na kampuni yao kwa mkopo wa benki yao, na mkopo huo tunaulipa kwa fedha za kigeni. Tutazipata wapi, ikiwa kontena linarudi tupu?

China ndiyo mnunuzi mkubwa wa simsim (ufuta) duniani, na simsim imejaa kwetu kaskazini, Lira na Kitgum. Tangu Desemba 1, 2024, bidhaa za nchi zenye maendeleo duni, yetu ikiwemo, zinaingia kwao bila ushuru wa forodha. Kikwazo kinachotupunguzia bei ni mchanga. Tunaanika chini, kwenye udongo, halafu mnunuzi anachota kiganjani, anapuliza, anakata bei.

Anza na maturubai. Nilinunua 10 nikawagawia wakulima ninaonunua kwao, nao wakapepeta mara mbili. Magunia hayo yalipata bei nzuri kuliko ya jirani zao sokoni palepale. Sasa tuko wanne tunaokusanya pamoja. Kontena dogo linabeba kama tani 19, na bado hatujalijaza. Mwenye simsim safi, karibu tuchange.