Ukienda Tengeru Jumamosi, nenda na njaa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Njiro, hapa Arusha, aliniandikia kwa hasira. Anasema amenisoma nikilisifia gulio la Tengeru mpaka akaacha genge lake la jirani, akapanda gari Jumamosi saa nane mchana, akasukumwa, akala vumbi, akarudi na nyanya zile zile anazozikuta soko la Kilombero mjini, tena kwa bei ya juu kidogo. "Dada, umetuingiza mjini," akamalizia.

Pole, mdogo wangu. Lakini ujumbe wako nimeusoma wote, na ni mrefu, na hakuna mahali umetaja kwamba ulikula kitu. Hapo ndipo penye tatizo lako. Mtu anayefika gulioni saa nane, ana orodha kwenye simu, haketi, hali, hasalimii mtu, ataondoka na kile walichokikataa wenzake tangu asubuhi.

Mimi si wa huku. Nimezaliwa Tanga, nimekuzwa na nazi na samaki, na ndizi kwangu ilikuwa mzuzu wa kukaanga au kisukari ya kumenya ukala. Nikaolewa Umeruni, kwa Wameru wa Arusha, ukoo wa watu wa Nkoaranga, ambako ndizi ni mazungumzo ya kutwa. Siku za mwanzo wifi yangu mmoja (simtaji, maana huwa anapita kusoma hapa) alisema mbele za watu kwamba kaka yake ameoa mwanamke asiyejua ndizi ya kupika na ndizi ya kumpa ng'ombe. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Lakini neno lile bado ninalo.

Mama mkwe hakutia neno. Jumatano iliyofuata aliniambia tu, "Mama, chukua kikapu, twende Tengeru." Gulio la pale ni Jumatano na Jumamosi, na Jumamosi ndiyo kubwa. Liko kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, kama kilomita 13 kutoka mjini, na Hiace za Usa River zinakushusha pale pale. Asubuhi akina mama wanateremka kutoka Akheri, Poli na Nkoaranga, mikungu kichwani au imefungwa nyuma ya bodaboda, majani ya migomba bado yana umande.

Nilidhani tutaanza kununua. Tukaenda kuketi kwenye benchi la mama lishe, na nikawekewa kikombe cha loshoro.

Kwa mtu wa pwani, loshoro ni mtihani. Mahindi yamekobolewa, yamechemshwa mpaka yakalainika, yakachanganywa na ndizi, yakaachwa yapoe kabisa, kisha yakatiwa maziwa mgando. Yako kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko, yanachotwa kwa upawa. Baridi, chachu, mazito, na katikati ya ule uchachu unakutana na punje ya mahindi inayotafunika. Funda la kwanza nililimeza kwa heshima ya mama mkwe. Kikombe cha pili niliomba mwenyewe.

Wakati mimi nahangaika na loshoro, yeye alikuwa anasikiliza. Wauzaji wenyewe wanakuja kunywa chai pale benchini. Huyu anasema mikungu ya leo imeshuka mingi, yule analalamika kwamba wanunuzi wa jumla wameivunja bei ya karoti, mwingine anamcheka jirani yake aliyejumulia nyanya Kilombero usiku na sasa anaziuza kama za shambani kwake. Kabla sijamaliza kula, mama mkwe alikuwa anajua bei ya kila kitu na nani wa kumkwepa. Akalipa, akanyanyuka, akasema, "Haya, sasa tununue."

Ushauri wangu mkubwa ndio huo, na nitaurudia mpaka uchoke: kula kwanza. Usinywe chai nyumbani. Fika saa mbili, saa tatu ikizidi sana, kaa benchini, agiza loshoro au supu au chai ya maziwa na chapati, funga mdomo, fungua masikio. Bei ya siku utaisikia hapo kabla hujatajiwa mezani.

Kisha ndizi. Mama aliyetuuzia siku ile alikuwa na mikungu mitatu tu, imelazwa juu ya majani. Mama mkwe alimwamkia kwa Kimeru, wakaulizana habari za nyumbani kwa muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe kingine. Halafu yule mama akachomoa kisu kiunoni, akakata katikati kidole kimoja cha mshare, ndizi ya kupika, akanisogezea usoni. Utomvu ulichirizika mara moja, mwingi na mwepesi. Akanipa nishike kidole kizima, nikizungushe: mshare iliyokomaa imejaa, imeviringika. Ile changa ina kingo kali, na ukiipikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, itakupa uji usio na ladha. "Hii ni ya jana jioni," akasema. Tangu hapo nikiwa Tengeru naomba nikatiwe kidole. Mwenye shamba anakata bila kusita. Mchuuzi anaanza kukueleza maneno.

Mengine nayapitia haraka. Sado ya maharage, lile kopo la kupimia, itazame kitako muuzaji kabla hajajaza; ikiwa imebonyezwa kwa ndani, shukuru na usonge mbele. Parachichi, bonyeza karibu na kikonyo, usilitoboe kwa ukucha kama wafanyavyo watu wa mjini halafu wanaliacha. Aina ya Hass ikiiva inakuwa nyeusi, kwa hiyo weusi wake usikutishe. Na njoo na kikapu chako, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na bado watu wanakuja mikono mitupu.

Kuhusu nyanya, mdogo wangu wa Njiro, unalalamika kwamba ulizopewa zilikuwa na ngozi ngumu "kama za kiwandani". Wataalamu wa kilimo wa hapo hapo Tengeru ndio walioleta Tanya na Tengeru 97, aina zilizotolewa mwaka 1997, na sifa yake ni hiyo ngozi nene inayovumilia safari na kukaa. Uliza ni ya shamba gani na imechumwa lini. Ngozi peke yake haikuambii kitu.

Halafu mboga. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Tuna mboga za majani za kienyeji: loshuu, mnavu, mgagani, vyote vinauzwa kwa fungu bei ya kutupa, na bado mtu anapita akitafuta spinachi kwa sababu mnavu ni "mboga ya kijijini". Duluti, hapo hapo jirani na soko, kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, wasomi wanaishughulikia mbegu ya huo huo mnavu unaoubeza. Wanawake wenzangu, tuache kujidharau. Loshuu ukiikaanga na kitunguu, ukaimalizia kwa maziwa au krimu kidogo, ule uchungu unabaki kwa mbali tu.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike haya kwa kifua mbele. Desemba iliyopita mtoto wa shemeji yangu alipata kipaimara, na familia ilikuwa inaelekea kukodi mpishi kutoka mjini. Nikasema nitapika mimi. Kikao kikanyamaza kidogo. Nikaenda Tengeru Jumatano na tena Jumamosi, nikanunua mshare kwa yule yule mama, mzuzu, maharage ya soya njano, loshuu, maziwa mgando ya dumu. Nyama tu ndiyo niliichukua buchani kwetu. Nikapika mtori, machalari na kiburu, vyote vya ndizi, na loshoro ya kuwapoza wazee. Mchungaji aliomba kuongezwa. Mzee mmoja wa ukoo aliuliza hadharani, "Huyu mpishi ni wa wapi?" na mama mkwe akajibu, "Wa hapa."

Wifi yangu akasema nilisaidiwa na mama. Nilisaidiwa kubeba. Kuchagua, kumenya, kupika na kuonja nilifanya mimi, na sufuria la mtori lilirudi jikoni limekwanguliwa. Haya, tuyaache.

Ninachotaka muelewe ni kwamba sikufika pale kwa kipaji. Nilifika kwa kuketi kwenye benchi. Nina mama wa ndizi anayenipigia simu mkungu mzuri ukikomaa, nina binti wa loshuu anayenifichia mafungu yangu chini ya meza. Hao huwapati kwa kupita mbio na orodha. Wanakujua kwa sababu umewaamkia, umekula nao, umerudi. Tunataka maisha mazuri, chakula kizuri, lakini "shikamoo mama" tunaona inatuchelewesha.

Kwa hiyo nenda tena, Jumamosi, tumbo tupu. Mshare ukiinunua usiifungie kwenye kiroba, itaivia humo. Itandaze chini penye ubaridi na uipike ndani ya siku mbili tatu. Paka mafuta ya kula mikononi kabla ya kumenya, maana ule utomvu ukikauka kwenye kucha sabuni haiutoi. Na kila unayoimenya itumbukize kwenye maji hapo hapo, la sivyo mtori wako utakuwa mweusi.